Magari ya Makopo ya Vikokotoni

Nani wa rika letu asiyeyakumbuka magari ya makopo? Pale mtaani kwetu Vikokotoni tulikata makopo ya maziwa, tukachonga magurudumu kwa ndara zilizokatika, tukafunga waya mrefu wa kusukumia. Mikono ilinuka kutu mpaka kwenye bakuli la urojo. Kabla ya mashindano sahibu yangu Makame alipaza sauti: "Juu chini!" Kila mtu akapindua gari lake na kuzungusha gurudumu moja moja. Lililopungua kitu halikuanza. Tukishakagua mara hiyo moja, ni mbio mpaka Darajani. Mama akisema, "Chumvi hutizamwa kabla chungu hakijatelekwa."

Shule niliiacha mapema, nikazurura kazi hii na ile, na ukubwani nikajifunza kutengeneza michezo ya kompyuta. Karibuni nimetengeneza mchezo wa magari yetu yale, na uchochoro wetu ule ule. Makame, anayeishi Maskati, alikuwa amekuja kutembea na anaondoka Jumamosi, na alishanambia huenda asirudi tena. Nilitaka auone mtaa wetu kabla hajapanda ndege.

Asubuhi ya safari yake magari yakakwama. Vijana wa leo kitu kikigoma huzima na kuwasha, basi. Mimi nikafungua skripti, yale maelekezo ninayoiandikia kompyuta, nikapigwa na bumbuwazi. Kila picha moja ilipochorwa, na kwa sekunde huchorwa nyingi, nilikuwa naliuliza upya kila gari: una gurudumu? Na moja halikuwa nalo kabisa, ndilo lililoyakwamisha yote. Mimi, mtoto wa Vikokotoni, nakagua gari huku linakwenda. Nikauhamishia ukaguzi mwanzoni: kila gari liulizwe mara moja, jibu liwekwe, na lililopungua lisianze, litaje kinachokosekana. Lile moja likataja gurudumu, nikalitia, na yote yakachomoka mbio.

Makame akaja kwangu Kiembe Samaki, begi mkononi, teksi inamngoja nje. Akatazama, akacheka. "Lile jekundu ndilo langu. Lako hata humu liko nyuma, ndugu yangu." Halafu akasogea karibu na kioo cha kompyuta. "Lakini hebu nambie, wasukumaji wako wapi?"

Nimekagua gurudumu, nimekagua waya, na mtoto hata mmoja sikumweka. Magari yalikuwa yanakwenda peke yake kwenye uchochoro mtupu.

"Ndivyo mtaa ulivyo siku hizi," nikamwambia. "Sisi mama zetu walitushika masikio kuturudisha ndani. Watoto wa leo wako ndani na simu zao, hawatolewi."

Makame akanitazama kama niliyemletea habari ya msiba. Teksi ikapiga honi, naye bado kainama pale, anatafuta miguu ya watoto kwenye kioo.