Muuza magazeti wa Mpanda asiyeuza kabla ya kufika mstari wa mwisho

Saa mbili asubuhi. Basi la kutoka Tabora limeshashusha abiria wake stendi ya Mpanda, na Pudensiana Kasonso, mwenye miaka hamsini na mmoja, hajauza hata nakala moja. Ameketi juu ya ndoo aliyoigeuza, miwani puani, anasoma. Wateja wanasubiri.

"Mama Suzana, unauza magazeti au unajiandaa na mtihani?" anatania Erasmus, dereva wa bodaboda.

"Narudia niliofeli," anajibu bila kuinua uso.

Erasmus anafahamu ni mtihani gani.

Pudensiana anauza magazeti hapa mwaka wa kumi na nne sasa. Nakala moja humwachia shilingi mia mbili, na akiuza thelathini, hiyo kwake ni siku njema. Wasiojua kusoma huwasomea bure, kwa sauti. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa raha yake, hasa yakifika majarida mawili ya kila wiki: moja la kuisifu serikali hata mvua ikikatika, jingine la kejeli, la kuilaumu hata mvua ikinyesha. Alikuwa akisoma vichwa vya habari, kimoja baada ya kingine, uso mkavu, na stendi nzima ikivunjika mbavu.

"Huyu anasema mkutano ulifurika. Huyu anasema walihudhuria wenyeviti tu. Mimi nilikuwepo, na nilirudi na magazeti yangu yote."

Miaka miwili iliyopita majarida hayo yaliandika habari za zahanati ya kijiji kimoja cha wafugaji, mwendo wa saa tatu kwa pikipiki kutoka mjini. La sifa lilisema zahanati imekamilika. La kejeli nalo, kwa herufi kubwa, likasema imekamilika.

"Jamani, leo wamekubaliana!" Pudensiana akasema. "Andikeni tarehe."

Watu wakacheka, isipokuwa Malale, mfugaji aliyekuja mnadani kuuza ng'ombe. Alikuwa ameshapanga chumba mjini ili mkewe, Ng'washi, asubirie kujifungua karibu na hospitali. Kama hata hawa wawili wamekubaliana, alijiambia, basi ni kweli. Akaenda kuachia kile chumba.

Pudensiana hakuufikia mstari wa mwisho wa lile la kejeli. Uliandikwa: kilichobaki ni paa, dawa na nesi.

Uchungu ulipoanza, Malale alimpakia mkewe kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi zahanati. Walikuta kuta nne na mbuzi ndani. Ng'washi alipona. Mtoto hakupona.

"Mmoja alidanganya kwa kusifu, mwingine alitaka kuchekesha," anasema Pudensiana. "Lakini sauti aliyoisikia Malale ilikuwa yangu. Inaniuma mpaka leo, sikufichi."

Malale alikuja stendi baada ya msiba. Hakumtukana. Aliuliza tu, "Mayu, mbona hukumaliza kusoma?" Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, na Pudensiana anasema bora angemtukana.

Tangu siku hiyo hafungui biashara kabla hajasoma kila ukurasa mpaka chini.

Leo Malale yupo tena, amesimama pembeni, kofia mkononi. Ng'washi ana mimba ya miezi saba, na Malale amempangia tena chumba mjini. Jarida la sifa linasema zahanati imefunguliwa, na picha ya utepe ipo. La kejeli limeupongeza utepe kwa uzuri wake.

"Ni kweli, mayu?"

"Imeandikwa hivyo, baba. Kama ni kweli, sijui. Chumba cha mjini usikiachie."

Malale anatikisa kichwa taratibu. Hawezi kukaa na chumba hicho hadi mkewe ajifungue bila kuuza ng'ombe mwingine, na waliobaki ni wachache.

Kwa hiyo Jumamosi Pudensiana hatauza magazeti. Erasmus atampeleka hadi kijijini, na amesema mafuta ni juu yake.

"Utepe nimeshauona," anasema Pudensiana, akikunja miwani. "Namtaka nesi. Nikimkuta nitamsalimia, nimuulize anaitwa nani. Hilo jina ndilo nitakalomsomea Malale."