Chuma cha Kumshika Hooyo

Hooyo, mama yangu, alipotoka Eldas kuja kuishi nasi Garissa, kilichomshinda kwanza ni bafu. Sakafu yetu ni ya vigae, na miguu yake imezoea mchanga. Aliteleza akaumia nyonga, akalala kitandani mpaka mgongo nao ukaanza kumuuma. Nikasema tufunge chuma ukutani, awe anakishika anapoinuka.

"Nitaleta fundi," kaka yangu akasema.

"Wa nini? Nitakifunga mimi. Drili yangu iko kabatini."

"Abaayo, dada yangu, unataka majirani waseme hakuna mwanamume humu ndani?"

Nilisomea ufundi wa umeme chuoni, msichana pekee darasani. Nilipomaliza, kila niliyemwomba kazi alitaka kujua kama naweza kupika chai. Sasa nakaa mapokezi katika ofisi moja mjini, nawaelekeza wageni mlango wa kubisha. Hilo nilikwisha kulimeza. Lakini kukatazwa kutoboa ukuta wa nyumba ninayoikodi mwenyewe, kwa ajili ya mama yangu mwenyewe! Nikamwacha amlete fundi wake, kwa sababu mama alikuwa anasikiliza.

Fundi akaja na drili yake. Waya wake ulikuwa umechubuka karibu na plagi, shaba iko nje, naye ameufunika kwa kipande cha nailoni. Akaichomeka kwenye soketi ya ukumbini, akaingia nayo bafuni, akaanza kubadilisha biti, ile ncha ya kutobolea, umeme ukiwa unapita.

"Chomoa kwanza," nikamwambia.

"Madam, hii kazi nimeizoea."

Akaikaza biti kwa ule ufunguo mdogo wenye meno, kisha simu yake ikalia. Akaongea, akacheka, na ufunguo akauacha pale pale kwenye mdomo wa drili. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, anataka kuona. Fundi akarudisha simu mfukoni, akainua drili, akabana swichi.

Ufunguo uliruka. Ulipita kando ya sikio la mama ukapasua kioo cha dirisha nyuma yake.

"Subhanallah!" mama akasema, mkono shavuni.

Fundi akacheka. Wallahi, alicheka. "Hakuna aliyeumia."

"Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia," kaka yangu akaitikia kutoka ukumbini. "Mwacheni amalize."

Nikaenda ukumbini nikachomoa plagi. "Kusanya vitu vyako utoke."

Fundi hakunitazama. Alimtazama kaka yangu, kama mtu anayesubiri redio izimwe ili mazungumzo yaendelee. Hapo ndipo damu iliponichemka.

"Usimtazame yeye! Mimi ndiye ninayesema. Toka!"

Akatoka akinung'unika. Kaka yangu akaniambia nimemfedhehesha. Nikamuuliza, na kama lile sikio la mama lingetoka, ningemwambia nani kuhusu fedheha? Akachukua funguo za gari akaondoka.

Nikavua baati, gauni langu pana, maana kitambaa kinachopepea hunaswa na drili, nikavaa shati la kubana na suruali, mtandio nikaufunga kisogoni. Niliitoa drili yangu nikaupapasa waya wote kutoka plagi hadi mpini, nikihakikisha hauna mchubuko. Bafu nikalikausha kwa kitambaa. Nikaangalia bomba la maji limepita wapi na waya wa taa umeshukia wapi, ndipo nikaweka alama za penseli mbali navyo, na juu ya alama nikabandika utepe ili biti isiteleze kwenye kigae.

Plagi ikiwa bado mkononi mwangu, niliingiza biti ya ukuta katikati ya meno matatu ya drili, nikaikaza kwa ufunguo kila upande, nikautoa ufunguo na kuutia mfukoni. Nilifunga mpini wa pembeni, kisha kile kijiti cha kupimia kina, kilingane na urefu wa plastiki za kushika skrubu. Nikakagua kile kitufe kinachoifungia swichi isizime: kilikuwa wazi. Ndipo nikachomeka. Niliizungusha kidogo hewani. Biti ilienda sawa, haikuyumba. Nikavaa miwani.

Kigae nilikitoboa polepole, bila mapigo ya nyundo. Nilipofika kwenye jiwe, nilisimamisha drili, nikageuza kitufe cha nyundo, nikaendelea kwa mikono miwili. Vumbi jeupe lilinijaa usoni. Nikaingiza zile plastiki kwenye matundu, nikakikaza chuma kwa skrubu.

Nilipomaliza, nilining'inia kwenye kile chuma kwa uzito wangu wote. Hakikucheza. Ndipo nikamwita mama. Alikishika, akainuka, akakaa, akainuka tena, akaanza kucheka peke yake.

Siku chache baadaye jirani yetu, mama wa makamo anayeishi na mkwewe mgonjwa, alikuja kumjulia mama hali. Alipotoka bafuni akauliza nani alifanya kazi safi vile.

"Nilileta fundi," kaka yangu akajibu, bila hata kupepesa macho.

Mama akaweka kikombe chini. Kisomali chake cha Eldas kikifoka kinasikika hadi barabarani. "Fundi gani? Yule aliyetaka kuniua? Ni binti yangu aliyekifunga, na wewe ulikuwa umekimbia!"

Jirani akanigeukia. "Walaal, ndugu yangu, na mimi utanifungia?"

"Kesho," nikasema.

Kaka yangu akainuka kwenda kuswali, ingawa adhana ilikuwa bado. Hajaniomba radhi, wala mimi hasira hazijanitoka.