Kicheko cha Nyumba ya Mazimwi

Kazi ya kutisha watu ina raha yake, asikudanganye mtu. Mzee mmoja aliifanya tangu ndevu zake zikiwa nyeusi hadi zikageuka rangi ya jivu, ndani ya Nyumba ya Mazimwi, kule nyuma kabisa ya bustani ya michezo, ukishawapita farasi wa kuzunguka na lile gurudumu kubwa lililokuwa likilia kama mlango usiotiwa mafuta. Wenzake kazini walimwita Zimwi, tena kwa heshima zote. "Zimwi, chai tayari." "Zimwi, hujamwona fundi umeme?" Naye aliitika bila kinyongo, maana jina likishakukaa mwilini utalivulia wapi?

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao na mabati, imepakwa rangi nyeusi, na mlango wake ulikuwa kinywa cha zimwi chenye meno ya mbao nyembamba. Vigari vya watu wawiliwawili viliingia kinywani humo kwa reli, vikapinda na kupinduka gizani, vikatokea upande wa pili, na watu ambao walipoingia hata hawakuwa wakisemeshana sasa wameshikana. Humo ndani kulikuwa na fuvu la plasta, popo wa mpira wanaoshuka kwa kamba, na nyuzi zilizoning'inia zikipapasa nyuso za abiria. Nyuzi hizo zilikuwa mabaki kutoka kwa mkewe, fundi cherehani, ambaye kila zilipojaa kwenye kikapu alimwambia, "Chukua uchafu wako ukatishie watoto wa watu." Na kwenye kona ya mwisho, kabla ya mlango wa kutokea, alisimama yeye mwenyewe na kicheko chake.

Hicho kicheko ndicho kilichowaleta watu. Popo wa mpira kila mtoto alimzoea akiingia mara ya pili, lakini kicheko hakizoeleki, kwa sababu hakikuwa kimoja. Alikuwa na desturi yake: hacheki mpaka akisikilize kwanza kigari. Gizani mtu hasemi uongo kwa pumzi. Kama ni vijana wawili wenye majigambo wanaopiga miluzi kujifanya hawaogopi, aliwaachia wapite kidogo, wadhani yamekwisha, halafu akawaangushia kicheko kizito nyuma ya shingo. Wakatoka nje ni mguu niponye. Kama ni wachumba, alicheka chinichini na kwa kujivuta, ili bibie apate muda wa kusogea. Na kama ni mtoto aliyekwisha kuogopa hadi pumzi zimemkauka, alicheka kidogo tu, kicheko cha zimwi aliyeshiba na asiye na njaa ya mtu. Mtoto huyo alitoka nje akijitapa kwamba zimwi lilimwogopa.

Jambo moja lilikuwa mwiko tangu enzi za mwenye bustani wa kwanza: zimwi halionekani. Aliingia kwa mlango wa nyuma kabla ya geti kufunguliwa na kutoka watu wakishatawanyika. Kwa hiyo mtaani hakuna aliyemjua. Watu aliowatoa jasho utotoni walimkanyaga vidole dukani wakapita bila hata samahani. Siku moja alikuwa kinyozini, povu limejaa mashavuni, akasikia wateja wawili wakibishana kuhusu kicheko kile. Mmoja aliapa kwa mama yake mzazi kwamba ni mashine iliyoagizwa ng'ambo. Mwingine akasema mashine gani inayokusubiri upite? Yeye alitoka chini ya wembe ameongezeka kimo, na njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Basi hali ikawa hiyo kwa miaka, mpaka mama meneja alipokuja kuketi naye kwenye benchi la nyuma.

Alikuwa mwanamke mnyoofu, na hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema paa limeoza. Reli ikikatika hakuna duniani anayetengeneza ya namna ile tena. Na watoto siku hizi, alisema, wanaingia wakimulika taa za simu na kuwacheka popo. Nyumba ingebomolewa, na mahali pake pangejengwa jumba jipya: unakaa kwenye kiti kinachotikisika, unavaa miwani, na mazimwi yanakurukia machoni kana kwamba yana nyama na damu. Mambo mapya ndivyo yalivyo. Hayaji kukuuliza, na mabaya zaidi, mara nyingi ni mazuri kweli.

"Kazi utapata, mzee," alisema. "Nje, kwenye mwanga. Lakini nina ombi. Mimi mwenyewe nilijikojolea humo ndani nikiwa mdogo, nguo mpya kabisa. Nataka kile kicheko kiwe kwenye jumba jipya. Turekodi."

Moyo wake uliokuwa umeshaanza kuzama ukaibuka. Paa lilikuwa haki yake kuoza, hata yeye magoti yalikuwa yakioza. Kilichokuwa kikimnyima usingizi ni kingine. Uso wake hakuna aliyeujua, jina lake hakuna aliyelijua, na katika maisha yake yote watu wa mji ule walichokuwa nacho kutoka kwake ni sauti ile tu gizani. Nyumba ikienda na kicheko kikaenda nayo, atakuwa kama hakuwahi kuwapo. Kikirekodiwa, atabaki.

Siku ya studio alivaa shati la kutokea. Fundi sauti, bwana mmoja mwenye upara na hedifoni za masikioni kubwa kama vikombe, alimfungia kwenye chumba chenye kuta za sponji, akamwekea maikrofoni mbele ya mdomo, kisha akamwonyesha kidole gumba kutoka nyuma ya kioo. Cheka.

Akacheka. Kikatoka kitu kama mtu aliyepaliwa na chai.

Akajaribu tena. Akafumba macho, akaomba taa izimwe, akazungumza na nafsi yake, akajikaza kisabuni. Wapi! Hakukuwa na pumzi ya mtu ya kusikiliza. Alikuwa akicheka mbele ya sponji, na sponji haiogopi. Fundi sauti alikuwa muungwana, kila mara alisema "karibu tunapata, mzee," hadi naye uso ukamchoka kwa kuigiza tabasamu.

Alirudi nyumbani akaketi karibu na cherehani bila kuvua viatu.

"Kimegoma," alisema.

"Nini?"

"Kicheko. Nimekaa mle ndani kama kinyago."

Mkewe hakuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona. "Sasa ulitegemea nini, baba? Wewe umewahi kucheka peke yako? Hata humu ndani hucheki mpaka nijigonge mahali. Waambie wakufuate hukohuko kwako, watu wakiwemo."

Ndivyo ilivyokubaliwa. Siku ya mwisho ya Nyumba ya Mazimwi, fundi sauti alijibana kwenye ile kona ya mwisho, maikrofoni mkononi, popo wa mpira akimgusagusa upara. Tangazo lilikuwa limewekwa getini wiki nzima, na watu walikuja si mchezo. Foleni ilipita gurudumu kubwa, ikapita farasi, ikajikunja hadi vyooni. Walikuja wenye vitambi na wenye mvi za kwanza, wamebeba watoto, wengine wametoka kazini na sare zao. Zimwi, aliyeingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida, hakuona hata mmoja wao. Alisikia tu vishindo vya miguu na kelele, akajinyoosha mgongo. Leo ndiyo leo.

Kigari cha kwanza kikaingia. Akakisikiliza kikija: kwenye fuvu, kimya, kwenye popo, kimya, kwenye nyuzi, mtu akapumua polepole kama anayenusa nguo ya zamani. Hawakuogopa hawa. Akakusanya pumzi kifuani hata hivyo, akafungua mdomo.

"Shikamoo, Zimwi," ikasema sauti ya mwanamke.

"Marahaba," akajibu.

Ilimtoka yenyewe. Mtu aliyelelewa akaleleka haamkiwi akanyamaza, awe zimwi, awe nani. Kigari kikapita, kikagonga mlango wa kutokea, mwanga ukaingia na kuondoka. Fundi sauti akamkodolea macho.

Cha pili kikaja. Sauti ya mwanamume, nzito: "Shikamoo, Zimwi. Mimi ndiye niliyekuachia kiatu humu."

"Marahaba, baba. Mbona hukukirudia?"

"Ningethubutu?"

Baada ya hapo ikawa mvua. Sijui nani aliyeanzisha kule kwenye foleni, na wala hakuna aliyewahi kujitokeza kusema ni yeye, lakini jambo lilikuwa limeshaenea, na kila kigari kilichopinda kona kilikuja na salamu yake. Mmoja alisema mchumba wake alimrukia mapajani papo hapo na sasa wana watoto wanne, ahsante sana. Mwingine alisema kila alipokuwa akimsikia alijua likizo imeanza. Wapo walionyoosha tu mkono gizani, naye akaupokea, mikono laini, mikono ya kazi, mkono mmoja wa mtoto wenye kunata pipi. Marahaba. Marahaba, mama. Marahaba, mwanangu.

"Mzee," fundi sauti alinong'ona, "kicheko."

"Nitachekaje nao wananiamkia?"

Alikuwa analia, na hakuona haya, giza lilikuwa lake. Mashine haiamkiwi. Kumbe walijua! Miaka yote hiyo walijua kwamba mle ndani kuna mtu mzima amesimama kwa miguu yake, anawasubiri. Ilimfurahisha na kumuuma kwa pamoja, na kila salamu ilikisukuma kile kicheko mbali zaidi, hadi akajua hakitoki tena. Jua likashuka, foleni ikaisha. Alisikia geti likivutwa. Akamwambia fundi sauti afunge vitu vyake, na amwombee radhi kwa mama meneja, zimwi limeisha.

"Subiri," fundi sauti akasema, mkono kwenye hedifoni. "Bado kimoja."

Kigari kilikuja kikigongagonga reli. Alikisikiliza kwa mazoea tu. Abiria alikuwa mmoja, na pumzi zake hazikuwa za hofu wala za majonzi. Zilikuwa za mtu aliyechoshwa kusubiri foleni.

"Shikamoo, Zimwi," ikasema sauti. Kisha, bila kungoja kuitikiwa: "Nyuzi zangu kumbe umezitundika vibaya hivi? Haya, wali umeiva na unapoa. Kama umemaliza watoto wa watu, twende nyumbani."

Ndipo kicheko kilipopasuka. Hakikuwa kile kizito cha wenye majigambo, wala kile cha wachumba, wala kile cha zimwi aliyeshiba. Kilianzia tumboni kikampiga kama kwikwi, akashika ukuta, akaukosa, akashika upara wa fundi sauti, akacheka hadi mbavu zikamwomba msamaha. Alicheka kwa sababu mwanamke huyu hakuwahi kuingia humo hata siku moja, na siku aliyoingia amekuja kukagua nyuzi. Na kigari kikawa kinamchukua huku akilalamika, "Unacheka nini sasa? Eti, nauliza, unacheka nini?" hadi mlango ukamfunikia sauti, na kule nje naye akasikika akicheka.

Jumatatu nyumba ilivunjwa. Alikwenda kutazama kidogo, akarudi. Mambo mengine hayana haja ya kutazamwa hadi mwisho.

Mama meneja alisikiliza rekodi ofisini, kidevu kiganjani, Zimwi na fundi sauti wakiwa wamesimama kama watuhumiwa. Salamu, salamu, salamu, na mwisho kile kicheko. Aliirudia sehemu hiyo mara kadhaa.

"Mzee," alisema hatimaye, "hiki hakimtishi hata kuku."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Nani amesema nakitupa?"

Kwa mazimwi ya jumba jipya walinunua kicheko kingine, kizito kama ngoma, na ukweli usemwe, ni kizuri. Hata yeye alipokisikia mara ya kwanza alishtuka. Chake walikiweka mlangoni pa kutokea, pale watu wanapovua miwani. Na hapo ndipo walipompa kazi yake mpya, kupokea miwani na kuifuta. Kwa mara ya kwanza akaanza kuona nyuso: wanatoka wamepauka, midomo wazi, halafu kutoka juu ya mlango kile kicheko kinawamwagikia, wanasimama, wanatazamana, na kabla hawajajua kwa nini nao wanacheka.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na msichana mdogo aliyetoka machozi yakimtiririka, ameishikilia miwani kifuani hataki kuitoa. Akainua macho juu ya mlango.

"Babu, anayecheka ni nani?"

"Ni mimi."

Akamkagua toka viatu hadi ndevu, haamini. "Ulikuwa unacheka nini?"

Zimwi akainama, akampokea miwani taratibu, akaifuta.

"Mke wangu alinifuata kazini," akasema, "turudi nyumbani."