Siku Niliyoikana Jeep Yangu

Jamani, niacheni nijicheke mwenyewe kwanza, maana hii habari watu wa Beni wanaisimulia hadi leo na kila mmoja anaongeza chumvi yake, afadhali muisikie kwa mwenye aibu.

Ilikuwa wakati wa vita, na Butembo nzima kila mwenye gari zuri alikuwa amelificha, kwa sababu askari wakiliona walilichukua kwa kazi yao, tena na dereva wake ndani, ukarudi nyumbani miezi baadaye kama una bahati. Wenye akili walitembelea vigari vilivyochakaa ambavyo hata mwizi angevihurumia. Mimi nilikuwa na jeep, na nikisema jeep msifikirie kitu cha kawaida, ilikuwa pana kama sebule (mke wangu alipandia kigoda ndipo aingie), nikaificha nyuma ya nyumba chini ya mbao na majani ya migomba, na kila jioni naenda kuipangusa vumbi.

Basi mdogo wangu Kavira akapata mchumba wa Mulekera, kule Beni, na kwa kuwa baba yetu alishafariki, mimi ndiye niliyetakiwa kumshika mkono na kumwingiza kanisani. Familia ya bwana harusi ikatuma kagari kadogo na shemeji mmoja wa kukaendesha. Nikakatazama, nikaona haya. Dada yangu aolewe ndani ya kopo la sardini? Nikaamua mashangazi na masufuria waingie humo, bibi harusi atapanda jeep.

"Yaya, lakini basoda je?" Kavira akauliza (yaya kwetu ni kaka mkubwa), akiwaogopa askari.

"Leo ni ndoa. Hakuna mutu atasimamisha bibi harusi," nikamjibu, kana kwamba tulikuwa tumepatana nao.

Njiani nilijiona waziri. Kila niliyemkuta mbele nilimpigia honi mpaka apishe, wenye baiskeli wakaingia majanini, na kagari ka shemeji nyuma kakawa kanakula tope langu. Tulipokaribia Beni, kwenye mteremko mwembamba, tukakutana uso kwa uso na lori lililojaa ndizi, na watu juu ya ndizi.

Sasa, barabara zetu zina adabu yake na kila dereva anaijua: aliyebeba mzigo na anapanda hasimamishwi, anayeshuka bila mzigo ndiye anayerudi nyuma. Mimi nilikuwa nashuka, tena bila mzigo. Lakini (na hapa ndipo aibu inapoanza) kwenda mbele nilijua vizuri sana, kurudi nyuma na lile dude sikuwahi kujua, na ningeyasemaje hayo mbele ya watu wote wale? Nikapiga honi.

"Papa, rudisha nyuma, siye tunabeba!" akapaza sauti dereva wa lori.

"Rudisha weye! Hauone gari yenye iko mbele yako?"

Nikajaribu kupenya pembeni. Matairi ya kulia yakateleza mtaroni, jeep ikalala polepole ikaegemea ukingo, mlango mmoja ukazibwa na udongo na mwingine ukatazama mbinguni. Bibi harusi akatolewa dirishani, gauni kwanza, kisha yeye, huku watu wa juu ya ndizi wakipiga vigelegele. Hakuumia, ila macho aliyonitazama nayo! Kagari ka shemeji kakapenya kati ya jeep na lori bila kugusa chochote, Kavira akapakatwa na mashangazi.

"Yaya, miye siwezi ingia mu kanisa bila weye," akaniambia dirishani. "Na padri iko na misa ingine kule Eringeti, hatangoja sana."

Wakaondoka. Nikawa nawaomba watu wa lori wanisukume, mara wakatokea askari kwa miguu.

"Motuka hii iko ya nani?" mkubwa wao akauliza. "Shofere iko wapi? Tunaenda naye."

Nikajua nikisema ni yangu, jioni ile nitakuwa nawapeleka vitani, na Kavira anangoja mlangoni mwa kanisa. Moyo uliniuma, niliipenda ile jeep.

"Hata miye sijue, chef. Niko napita tu."

Yule dereva wa lori niliyemtukana akakohoa, akasema, "Shofere alikimbia mu pori, chef."

Wakafunga kamba, wakaniamuru nisukume, nami nikaisukuma jeep yangu mwenyewe kwa nguvu zote na suti yangu ya harusi. Ikatoka, ikawaka mara ya kwanza (msaliti!), na askari mmoja kijana akairudisha nyuma vizuri kabisa, akapisha lori.

"Aksanti, papa," akanipungia mkono, wakaenda.

Nilifika kanisani juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, nimekalia kabichi za mtu, tope mpaka kwenye tai. Padri alikuwa ameshashika kofia yake. Kavira alikuwa kwenye ngazi, shela limelowa machozi.

"Yaya! Jeep iko wapi?"

"Jeep gani?"

Akanitazama toka viatuni hadi kichwani, akaelewa yote, akacheka mpaka akaniegemea, kisha akanishika mkono tukaingia.

Nimeapa sitaendesha tena gari nisiloweza kurudi nalo nyuma. Siku hizi nina kagari kadogo, na kurudi nyuma nilijifunza wiki ileile, uani kwa shemeji, mashangazi wote wamesimama na miiko mkononi wakinipigia kelele nikate kushoto.