Maji ya Mjane wa Kinanira

Léocadie alikuwa akifukuza nzi kwenye visamaki vyake vya ndagala sokoni, Mwanne wa meza ya pili aliposogeza kigoda.

"Léo, mi sisemi kitu."

"Usiseme basi."

"Lakini bwana yako nimemuona jana Kinanira. Baiskeli, bido mbili za maji. Ameingia kwenye kiwanja cha yule mjane, mwalimu Elvire. Na leo amepita tena."

Léocadie aliendelea kupima ndagala, ila kopo lilifurika, na mteja akaondoka akicheka peke yake.

Maji! Huo ulikuwa mwezi wa pili bomba la mtaa wao, kule Bwiza, likitoa mvumo tu. Kila alfajiri, saa za marufuku ya kutembea zikiisha, alikwenda kupanga mstari na kurudi na bido moja, dumu la lita ishirini, kichwani. Mumewe, Sylvère, hakuwahi kumchotea hata kikombe.

Léocadie alizaliwa Uvira. Alivuka mpaka wa Gatumba na vikapu vya samaki akiwa na miaka kumi na tisa, na Sylvère, wakati huo mpimaji wa viwanja ofisini, akamposa kwa maneno machache. Hayakuongezeka tangu hapo. Vita vilipoingia, ofisi ilipunguza watu, naye akabaki kuwafanyia watu binafsi: mwenye kiwanja akitaka kujenga, yeye humwambia kama ardhi inafaa. Alirudi na udongo magotini. Léocadie alifua suruali, hakuuliza. Kwa miaka kumi na miwili aliamini kwamba ukimya ule ni umbile la mtu, kama wengine walivyo warefu.

Akamwachia Mwanne meza, akapanda Kinanira kwa miguu. Hadi anafika alikuwa ameshayapanga matusi, dogo likitangulia.

Kwenye upenyo wa ua wa matete alimwona mumewe amepiga magoti kando ya shimo lisilozidi mdomo wa chungu. Rula ilisimama ndani ya maji. Elvire alikaa juu ya jiwe, saa kiganjani, akihesabu dakika maji yalivyoshuka. Na Sylvère alikuwa anaongea.

"Ukichimba kwa koleo, kuta zinalainika, zinaziba kama zimepakwa mafuta. Lazima uzikwangue, udongo upumue. Na yale maji ya jana yalikuwa ya kuushibisha tu, si ya kupimia. Udongo wenye kiu hunywa haraka, hukudanganya."

"Kama wanafunzi wangu wiki ya kwanza," Elvire alisema.

Sylvère akacheka. Kicheko kile kilimwingia Léocadie zaidi kuliko kama angewakuta wameshikana.

"Hodi," akasema.

"Mama Trésor?" Sylvère aligeuza shingo. "Kuna nini?"

"Nimesikia huku kuna maji."

Elvire alisimama, akampisha jiwe. "Karibu, dada. Bwana yako ananitafutia pa kuweka nyumba. Mi naitaka huku chini, ukuta wa jirani unikinge na risasi za mlimani."

"Apana, mwalimu," Sylvère alisema. "Risasi zinapita. Maji yanakaa. Hapa chini ni mfinyanzi. Mvua ya Aprili utalala nayo ndani, na choo kitajaa hadi mlangoni. Jenga juu, kwenye udongo mwekundu. Shika mwenyewe."

Alifinyanga tope la kijivu, likawa uzi mrefu usiokatika, akauweka kwenye kiganja cha mjane. Léocadie aliutazama uzi, akakitazama kiganja.

Dhambi haikuwepo. Aliitafuta sana, njia nzima ya kurudi, wala hakuipata, na matusi yake yakakosa pa kutua. Mjane angekuwa mwizi, angemfukuza. Lakini kilichokuwa kinatolewa kule Kinanira hakikuwahi kuingia nyumbani kwake, na kitu usichokuwa nacho utamdai nani?

Jumapili, waliporudi misa, alimwekea mumewe koleo miguuni.

"Chimba."

"Wapi?"

"Hapa uani."

"Mama Trésor, hii nyumba ya watu tumepanga. Tunajenga nini?"

"Hatujengi. Chimba, na kuta uzikwangue."

Sylvère alimtazama usoni, akaona hakuna mzaha, akavua shati la misa. Shimo lilipofika kina cha mkono, Léocadie alileta bido aliyopangia mstari alfajiri ile, akaimimina yote. Jirani upande wa pili wa ukuta alisikia maji yakimwagika, akauliza kama kuna aliyerukwa na akili.

"Hata kupima leo hatuwezi," Sylvère alisema. "Maji ya kwanza..."

"Ni ya kuushibisha. Najua. Kesho utakaa tena."

Akavuta kigoda, akaketi. Sylvère aliketi chini, ng'ambo ya shimo. Maji yalishuka upesi, yakiacha ukingo wenye unyevu. Sylvère akaokota bonge la udongo.

"Huu ni mchanga wa mito, Bwiza yote. Unaona, nikiufinyanga unavunjika, kwa sababu chembe zake..."

"Polepole," Léocadie alisema. "Yule ulimweleza polepole."