Dawa Iliyofungwa Ndani ya Mafuta

Naitwa Zuhura, nakamua mawese kijijini Ilagala. Kabla ya kuugua nilikuwa na nguvu zangu. Ila nilikuwa na siri: ninaishi na virusi vya UKIMWI, na nilipoolewa na Hamisi niliacha vidonge, nikavificha kwenye gunia nikiogopa atavikuta.

Kichwa kilianza kuuma taratibu, nikameza panadol. Wiki ya pili shingo ikakakamaa. Nilitapika kila nilichokula, na nikimtazama Hamisi nawaona wawili. Siku nilipojikojolea bila kujitambua, alinikimbiza hospitali Kigoma mjini.

Daktari, mama mmoja mpole, alinichoma sindano ya uti wa mgongo kutoa maji. Majibu yakaja: fangasi wameingia kwenye utando wa ubongo. Na figo zangu zilikuwa zimechoka.

"Dawa yao ya kawaida itaziumiza figo zaidi," alisema. "Ipo dawa hiyohiyo iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, vidogo hata kwa darubini yetu huvioni. Vinaifikisha kwa fangasi, figo zinapona. Hapa imeisha. Tumeagiza."

Mafuta nayajua tangu utoto, lakini yabebe dawa mpaka kichwani? Niliogopa kufa kabla haijafika. Niliogopa pia ikifika iniue.

Hamisi alipotoka kununua uji, daktari aliniuliza, "Mumeo anajua kuhusu virusi?" Nikatikisa kichwa kukataa.

Aliporudi nikamwambia mwenyewe. Akaweka kikombe chini, akaondoka.

Dawa ilifika kesho yake, ya njano, ikatundikwa kwenye dripu. Nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Nesi alinishika mkono. Kila nikisikia hatua mlangoni nilitazama. Si yeye.

Alikuja jioni, na pamba imebanwa kwenye kidole.

"Nimepima. Sina," akasema. "Wataniangalia tena baadaye. Lakini Zuhura, ungekufa kwa kunificha mimi?"

Nililia. Alikaa.

Asubuhi waliponipima, figo zilikuwa hazijaumia zaidi. Baada ya siku chache nilimwona Hamisi mmoja. Vidonge vya fangasi niliendelea navyo nyumbani, na wiki kadhaa baadaye daktari akanirudisha kwenye vile vya virusi.

Namshukuru Mungu, yule daktari, na watu nisiowajua waliokaa wakaipima dawa ile kitone kwa kitone. Ndugu yangu unayeficha vidonge kwenye gunia, vitoe. Na kichwa kikiuma wiki nzima, usingoje kama mimi. Nenda leo.