Mkono wa Muuza Bastola

Muuza bastola wa mji wa Straubing, Ujerumani, hakumkabidhi mtu silaha kabla ya kuifungua silinda na kumwonyesha matundu yote matupu, hata mteja akiwa bingwa wa klabu ya kulenga shabaha. Aliongea kwa sauti ya chini, kama aliye kanisani, na kila mara alifuta miwani kwa ncha ya tai. Walburga alipokwenda kuchagua rivolva ya risasi nene kwa ajili ya mashindano, jicho lake liliangukia ile kubwa kuliko zote.

"Hiyo itakupiga teke mpaka uanze kufumba macho kabla ya kufyatua," muuzaji alimwambia. "Chukua hii. Chuma kizito, mtutu mrefu, mpini unajaa kiganjani. Haina makeke."

"Wewe ndiwe uliyemfundisha baba kulenga, mzee wangu. Hebu ishike nione."

Alisita, kisha akainyoosha kuelekea ukutani. Mtutu ukayumba kushoto na kulia, ukakataa kutulia. Akaongeza mkono wa pili, nao ukatetemeka vilevile. Akairudisha mezani taratibu.

"Hii nilijiwekea mwenyewe," akasema. "Nilijiambia nikistaafu nitarudi uwanjani. Nimechelewa."

Walburga alitamani asingemwomba. Akasema ataichukua hiyohiyo. Mzee akaifunga kwenye kitambaa, polepole mno.

"Jumapili utakuja kunitazama?" Walburga akamwuliza.

"Nitakuja," akajibu, huku akimsukumia kifurushi bila kumtazama usoni.

Jumapili hakuja.